Matanga ya Mtakatifu Beda

Jumatatu, 19 Mei

Daftari langu, nisamehe. Mara ya mwisho nilikuandikia mwezi wa pili, na siku ile niliishia katikati ya sentensi kwa sababu Beda aliamka. Tangu hapo ameota meno mawili, amekohoa masika yote, na mimi nimekuwa mtu wa kusinzia nimesimama. Sina utetezi. Leo amelala mchana, mvua imekatika, dada yake yuko shule. Naandika haraka.

Habari kubwa! Mzee Kasimiri amehama. Miaka thelathini ametunza msalaba wa kigango chetu hapa Lukunguni, na jana ameteremka kwenda kukaa kwa binti yake Kihonda, magoti yameshindwa na mlima. Nyumba yake imebaki tupu. Nyumba ya msalaba! Vyumba viwili, bati zima, bomba mlangoni. Mlangoni kabisa, yaani unakinga maji ukiwa umekaa kizingitini.

Mimi nakaa chumba cha uani kwa shangazi. Bati lina matundu kumi na manne. Binti yangu Glory ameyahesabu, ndiyo hesabu pekee anayoiweza bila kulia. Mvua ikianza nahamisha kitanda mara tatu. Muuguzi wa zahanati ameniambia kifua cha Beda hakitapona kwenye unyevu, mtoto anataka pakavu. Hakusema pakavu penyewe pako wapi. Mume wangu Tomasi yuko kwenye mashamba ya miwa, anakuja mara moja kwa mwezi, na kila akija anasema tuzidi kuomba. Nimeshaomba. Sasa napanga.

Msalaba wenyewe ni wa jiwe, urefu wa watu wawili waliopandiana mabegani. Umechongwa pande zote. Mizabibu, ndege wanadonoa zabibu, na chini mtu mwenye kanzu ameinamia kitabu, kalamu mkononi. Huyo ndiye Mtakatifu Beda, mtawa na msomi wa zamani, somo wa kigango. Mapadri wa enzi za babu ndio waliousimamisha kwa kumbukumbu yake. Wageni wanapanda mpaka huku kuupiga picha, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kufagia, kung'oa majani na kuwaeleza.

Katekista Anselmi ametangaza kwamba kamati itamchagua mtunzaji Jumapili hii, sikukuu ya somo. Anayetaka akajiandikishe kwake. Nilikwenda mbio, Beda mgongoni, matope mpaka magotini. Nikakuta jina la kwanza limeshaandikwa. Josephina!

Josephina kiongozi wa kwaya. Josephina mwenye nyumba ya tofali za kuchoma na bomba lake mwenyewe. Nilimuuliza katekista, anaitakia nini? Akasema eti ya kuanikia mdalasini. Mwanangu anakohoa, mwenzangu anataka pakavu pa kuanikia magome ya mti. Nilitoka pale nimeduwaa kiasi kwamba nilifika nyumbani ndipo nikakumbuka sijajiandikisha. Nikaupanda mlima tena.

Jumanne, 20 Mei

Wazo limekuja nikinyonyesha. Mawazo yangu yote mazuri huja hivyo, ndiyo maana siwezi kuyaandika kwa wakati.

Mwanangu anaitwa Beda. Kigango kizima hakina Beda mwingine. Kina Anselmi wanne. Na kwetu Waluguru mtu akifa, baada ya matanga ukoo hukaa ukamteua wa kurithi jina lake. Aliyerithi jina ndiye anayetunza kaburi, na nyumba ya marehemu humfuata yeye. Sasa pale msalabani amelala nani? Beda. Na aliwahi kurithiwa jina? Hajawahi! Mapadri hawana ukoo, wamemwacha tu. Basi mwanangu amrithi, nyumba itufuate, na Josephina akaanike magome yake kwake.

Nikaagiza tangu leo niitwe Mama Beda, si Mama Glory. Glory hajapenda. Ameniambia yeye alizaliwa kwanza. Nimemwambia ni kweli, na akaoshe vyombo.

Jioni nilikwenda kwa Mjomba Salehe, mkubwa wa ukoo wetu wa Wamwenda. Mjomba ni Mwislamu, nusu ya ukoo ni Waislamu, ukoo hauulizi mtu anasali wapi. Nilimpigia goti, nikampa shikamoo, nikamweleza lote. Alisikiliza huku anamenya chungwa. Akasema siku zote amejua pale pana mtu, maana hakuna anayesimamishiwa jiwe kubwa vile halafu chini asiwepo. Moyo ukanirukaruka. Halafu akaweka kisu chini.

"Jina hupita upande wa mama, mwanangu. Mama yake Beda ni wa ukoo gani?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikaa mdomo wazi, Beda akanitia kidole ndani.

Nikapitia kwa katekista kumuuliza. Akasema jina la mama hakuna aliyeliandika. Alichonacho kwenye kitabu chake ni kwamba alipofikisha miaka saba ndugu zake walimchukua wakampeleka kwa watawa, akalelewa huko moja kwa moja.

Miaka saba! Nilimwomba asome tena. Saba.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Glory, wa miaka saba, amevaa viatu kushoto kulia. Nilimkumbatia mpaka akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, na hakuna anayekwenda popote, na avae viatu sawasawa kabla sijachukua fimbo.

Jumatano, 21 Mei

Nimekaa na hili la miaka saba mpaka uji umeungua. Ndugu zake walimchukua. Ndugu gani? Nani mwenye amri juu ya mtoto kiasi cha kumtoa nyumbani? Wajomba! Ingekuwa baba wangeandika baba. Kwa hiyo Beda ni mtu wa upande wa mama kama sisi.

Nikakimbilia kwa Mjomba Salehe. Akakubali kwamba hapo pana akili. Kisha akauliza tena, ukoo gani?

Hapa naandika kama lilivyotokea. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nilimwambia Beda alitoka Bagamoyo kwa miguu, akapanda milima hii na homa kali, akaanguka kwenye kijito chetu, na bibi wa bibi yangu akamkoroga uji wa mtama, akamuuguza siku kumi. Alipopona ukoo ukampokea. Kwa hiyo ni Mmwenda. Maneno yalitoka yamejipanga kama wanafunzi wa paredi. Mimi mwenyewe nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Nilingoja Mjomba anifukuze. Badala yake akafuta machozi! Akasema sasa nilivyolisema, hata yeye anakumbuka aliwahi kusikia kitu kama hicho utotoni.

Nikajiambia, shukuru tu.

Jioni nilipeleka mahindi mashineni. Mama Mwanahawa mwenye mashine akanieleza mimi, kwa kunong'ona, kwamba Mtakatifu Beda alipenda sana ndizi za kuchemsha. Ametoa wapi? Na mwanamke mwingine kwenye foleni akadakia kwamba alikuwa na mke huko Kinole. Hapo nilikuja juu. Yule ni mtawa, nikasema, watawa hawaoi, sitaki kumsikia mtu anamwoza marehemu wetu. Tulibishana mpaka unga ukamwagika. Mwisho walikubali kumwacha mke. Ndizi wamekataa kuziacha.

Ijumaa, 23 Mei

Jana sikuandika. Mvua ilinyesha kutwa, Beda alikohoa mpaka akatapika maziwa. Nimemfunga kifuani kwa kanga mbili na kumwimbia. Glory ameshika sufuria chini ya tundu la nane. Hii ndiyo sababu, daftari. Ukiniona najipanga sana, hii ndiyo sababu.

Ukoo umekubaliana, kurithisha jina ni kesho asubuhi palepale msalabani, ili Jumapili kamati ikutane na jambo lililokwisha. Katekista ameniuliza kama paroko anajua. Nikajibu atajua. Amenipa ufunguo wa nyumba ya msalaba nikahifadhi magimbi na jogoo wa shughuli mvua isiyaharibu. Ufunguo! Nimeufunga kwenye pindo la kanga. Niliingia ndani peke yangu, nikasimama katikati ya chumba. Kimya. Pakavu. Pananukia vumbi. Nilisikia raha ya kupiga chafya kwa vumbi.

Halafu mchana akaja Josephina kwangu. Nilijiandaa kwa vita. Lakini aliketi kwa heshima, akambeba Beda, akamfuta kamasi kwa kanga yake mwenyewe, akanitazama kwa huruma. Akasema, "Pole na msiba, mtani."

Akaaga, akaenda akitabasamu.

Ni kweli ukoo wake na wetu ni watani, tangu utotoni tunatukanana na kucheka. Ila pole ya nini? Na kwa nini anatabasamu? Mtu anayepoteza nyumba hatabasamu. Nimewaza nimeshindwa. Nimechoka. Nakwenda kuosha gauni la ubatizo.

Jumamosi, 24 Mei

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Ukoo ulifika, Waislamu kwa Wakristo, kama watu hamsini. Magimbi yalikuwa jikoni, jogoo amefungwa mguu. Katekista alisimama mbali kidogo, kama mtu aliyepo na asiyekuwepo. Beda alivaa gauni la ubatizo, nyuma halifungi tena, nikaficha kwa kanga. Kwa kawaida mrithi hupewa jembe la marehemu au panga lake. Huyu marehemu alikuwa msomi, kwa hiyo tulimpa kalamu. Akaitia mdomoni.

Mjomba Salehe akamnyanyua mbele ya msalaba, akaliita jina mara tatu, kisha akasema, "Beda, umerudi kwa watu wako." Watu wakaitikia. Ndege wa jiwe juu yake, mtu wa jiwe na kitabu chake, na mwanangu na wino wa bluu kidevuni. Nililia. Nililia kweli! Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba uji ule niliukoroga mimi.

Ndipo tukasikia kilio njiani.

Josephina, na wanawake saba wa ukoo wake. Majivu usoni, kanga zimegeuzwa ndani nje, wanajipiga vifua. Wanalia Beda, Beda, umetuacha watani wako, sasa tutamtania nani. Watani! Msibani! Kumbe ndiyo ile pole! Mimi ndiye niliyesema Beda ni Mmwenda. Mimi ndiye niliyeuita msiba. Na msiba wa Wamwenda ni wa nani kuuchezea kama si watani wetu, na nani anaruhusiwa kubeba vitu vya marehemu mchana kweupe na wafiwa wakacheka? Niliwaandikia mwaliko kwa mkono wangu!

Mmoja akainua chungu cha magimbi kikiwa motoni bado. Wa pili akambeba jogoo, anambembeleza kama yatima. Wa tatu akanivua kandambili moja, moja tu, akaondoka nayo. Josephina alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya msalaba, ambayo niliiacha wazi na ufunguo mlangoni, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye kanga yake mafundo matatu, akalala kizingitini kama gogo. Akatangaza kwamba haondoki hapo mpaka aridhike, na yeye si mtu wa kuridhika haraka.

Nikamwambia aniletee ufunguo. Nilisema kwa upole. Nikarudia bila upole. Akanitazama kutoka chini, majivu mpaka kwenye kope.

"Mtani, una msiba au huna?"

Nikisema ninao, ufunguo ni wake. Nikisema sina, mwanangu amerithi jina la nani? Nilisimama pale na kandambili moja. Nikamwangalia Mjomba Salehe anisaidie. Mjomba alikuwa amecheka mpaka ameshikiliwa na watu wawili. Na huwezi kumkasirikia mtani kwenye matanga, ukikasirika wewe ndiye umekosa adabu.

Saa tano jua lilitoka. Josephina akatandika mkeka barazani, akaanika mdalasini.

Bado sijamaliza. Kulikuwa na mtu. Mgeni mwenye miwani, suruali imekunjwa juu ya matope, amesimama kando ya msalaba tangu mwanzo na anaandika kwenye kijitabu. Nikadhani ni mtu wa sensa. Akajitambulisha kuwa ni Dokta Sufiani, anafundisha historia Mzumbe, paroko amemwalika kuzungumza kesho kwenye sikukuu, amewahi siku moja ili alitazame jiwe kwa utulivu. Nilishangaa, Sufiani na watakatifu wetu wapi na wapi? Akasema anamsoma Beda tangu akiwa kijana. Basi nikajisikia nimempata mtu wangu! Nikamweleza yote. Bagamoyo, homa, kijito, uji. Aliandika kila neno. Nikamtajia hata aina ya mtama.

Jumapili, 25 Mei

Natamani ningekuwa jiwe.

Kanisa lilijaa. Paroko aliadhimisha, Josephina akaimbisha kwa sauti ya mtu mwenye nyumba mbili. Baada ya misa Dokta Sufiani akasimama mbele. Alianza polepole, na kila alichosema kilinipiga kama kuni.

Beda alizaliwa Uingereza, kaskazini. Akapelekwa kwa watawa akiwa na miaka saba. Akakaa hukohuko akisoma, akifundisha na kuandika vitabu mpaka akafa, na leo imetimia miaka elfu moja mia mbili na tisini. Hakufika Bagamoyo. Hakupanda Uluguru. Chini ya msalaba wetu pana udongo wa Lukunguni, basi. Ule ni ukumbusho, si kaburi.

Mama wa mashine ya kusaga, aliyekuja kumsikiliza mgeni, alijishika kichwa. Nyuma yangu mtu akauliza kwa sauti ndogo, na ndizi je?

Dokta akaendelea. Kwamba kuhesabu miaka tangu alipozaliwa Kristo, kama tunavyoandika tarehe zote, ni vitabu vya Beda vilivyokueneza sana. Tarehe! Hii hapa juu ya ukurasa! Mimi na yeye tumekuwa tukishirikiana muda wote na sikujua. Na kwamba alipoandika habari za watu wake alikuwa na desturi ya kusema nani kamweleza. Hili nimelisikia kwa fulani, lile kwa mzee fulani aliyekuwepo. Kila habari iwe na mwenyewe.

Kisha akafungua kijitabu chake na kunigeukia. Hakuwa na ubaya usoni, ndicho kilichoniumiza.

"Mama Beda, jana ulinisimulia vizuri sana habari ya uji. Wewe uliipata kwa nani?"

Kanisa zima likageuka. Nikamtazama Mjomba Salehe, aliyekuja kwa heshima ya mjukuu wake, naye akaitazama fimbo yake. Neno "bibi" lilikuwa tayari ulimini. Bibi amekufa, asingekataa. Beda mapajani kwangu akakohoa, kikohozi kile cha ndani, nikaona vyumba viwili na bati zima vinakwenda zao. Ningelisema, daftari. Wallahi ningelisema. Ila Glory alikuwa ameinua uso, mdomo wazi, anangoja kujua. Yeye ndiye aliyekuwa anangoja kwa kweli kuliko wote.

Nikasema, "Kwangu mwenyewe."

Dokta akaandika hivyohivyo, kwangu mwenyewe, na jina langu.

Kicheko kikaanzia kwenye kwaya. Josephina alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu nikamwona anaacha kucheka. Ghafla, kama mtu aliyekanyaga hewa. Alikuwa amefika pale nilipofika mimi sekunde moja kabla yake. Hakuna kaburi, hakuna marehemu wa Wamwenda, hakuna msiba, hakuna watani! Katekista Anselmi akanyoosha mkono. Josephina akafungua mafundo matatu, moja baada ya jingine. Sijawahi kuona mafundo yanafunguliwa taratibu vile.

Kamati ikakaa barazani. Josephina akaulizwa atautunzaje msalaba. Akasema atafagia, na mdalasini wake utatoa harufu nzuri. Nikaulizwa mimi. Sikuwa na la kusema, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Akasimama Mjomba Salehe. Alisema yeye haingilii mambo ya kanisa. Ila jana jina liliitwa mara tatu mbele ya watu na chakula kikaliwa, na aliyekila zaidi ni Josephina na wenzake. Jina likisharithiwa halivuliwi kama shati. Yule mtoto ni mrithi wa Beda, popote alipolala Beda, na mrithi ana kazi ya kulinda kumbukumbu. Kama huyo mtakatifu alitolewa kwao akiwa na miaka saba, basi amekaa muda mrefu bila ndugu, sisi tunakosa nini kumpa mmoja?

Dokta Sufiani akavua miwani akaifuta. Akaomba ruhusa ya kuyaandika, na akaandika pembeni, nimeyasikia kwa Mzee Salehe, Lukunguni.

Kamati imenipa nyumba. Miezi mitatu ya kuangaliwa. Sharti moja, limeandikwa na nimetia sahihi. Mgeni asielezwe habari yoyote isiyo na mwenyewe. Nikivunja, narudi uani kwa shangazi na Josephina anaingia.

Nimeapa mbele ya msalaba. Nimeapa kwa kumaanisha. Somo nimelipata.

Jumatano, 28 Mei

Tumehamia Jumatatu. Mvua imepiga bati usiku mbili na hakuna hata tone lililoingia. Glory ametafuta matundu ya kuhesabu, hakuna, ikabidi ahesabu misumari. Leo alfajiri nilishtuka kwa hofu, kuna kitu kimepungua chumbani. Nikaweka mkono kifuani kwa Beda. Kilikuwa kikohozi. Hakipo. Nililala tena nikiwa nimemshika.

Jana wakaja wageni wa kwanza. Sita, kutoka Dar, wamepanda kwa pikipiki kwenye utelezi, mmoja ameanguka mara mbili. Nikawaeleza kama nilivyoapa. Msomi, mtawa, Uingereza, hakufika huku. Nikaziona nyuso zao zinashuka. Mmoja akatazama saa. Yule aliyeanguka akakunguta matope kwenye goti. Niliwahurumia sana, jamani. Mimi ni mama.

Nikawaambia, hata hivyo, kwa mujibu wa Mzee Salehe, mkubwa wa ukoo wa Wamwenda, alipita na akanywa uji. Na sikusema uongo! Mjomba anaisimulia kila jioni, tena sasa anaonyesha kwa mikono uji ulivyokorogwa. Ameniambia aliisikia zamani, kwa nani hakumbuki. Ndizi nimezitaja kwa jina la mama wa mashine. Kila habari na mwenyewe, kama Dokta alivyofundisha. Waliandika zote. Aliyeanguka akaomba nirudie ya ndizi.

Wakauliza kama kuna kitu chochote cha Mtakatifu kilichobaki. Nikajibu vipo, vinasafishwa, warudi Jumamosi na wenzao.

Ukurasa huu nauchana, unateremka sasa hivi na kijana wa pikipiki hadi Kihonda kwa mdogo wangu.

Ignas, kanzu nyeupe niliyokuomba juzi imefika, asante, nimeiloweka kwenye chai imekuwa ya zamani vizuri. Bado nahitaji hivi, na vije na gari la kesho la Kinole.

Makubadhi ya ngozi, jozi moja, namba arobaini na mbili, yaliyochakaa kisigino.

Manyoya matatu ya bata mzinga, marefu, ya kuandikia. Si ya kuku, watajua.

Miwani ya chuma, ya duara. Ikiwa na kioo kimoja tu ni bora zaidi.

Kitabu kinene kisicho na jalada. Lugha yoyote isiyosomeka.

Na mzee mmoja, mwenye mvi na sauti nzito, asiye wa huku juu, wa kusema alivikuta kwa baba yake. Awe hapa Ijumaa kabla ya saa sita.